Wageni Hawajapata Chai

Chumvi ilikuwa karibu na mkono mzima wa Mwaura. Ilikuwa karibu hivi kwamba kama ingekuwa na miguu ingempanda kidoleni. Lakini Mwaura aliinua shingo, akaita kuelekea zizini, "Mama Wangechi! Chumvi!"

Wanjugu, mkewe, aliacha kukama. Akaingia na viatu vyake vya gambuti vyenye matope, akaisogeza chumvi upana wa kiganja, akatoka. Alipofika zizini ng'ombe alikuwa ameyarudisha maziwa juu, maana ng'ombe naye hapendi mtu wa kuja na kwenda.

Mlangoni alikuwa amesimama Chesang, msichana wa kutoka Kuresoi, mwanafunzi wa fizio, tiba ya viungo, katika chuo kimoja cha Nakuru mjini. Chuo kilimtuma huku Dundori kumshughulikia Mwaura tangu kiharusi kimlemaze upande wa kushoto. Aliona safari ya chumvi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akamfuata Wanjugu zizini.

"Mathe, si ungemwacha tu."

"Nimwache na githeri haina chumvi?"

"Angechukua mwenyewe."

"Angechukua," Wanjugu alikubali. "Krismasi."

Ndani, Mwaura alikuwa anatafuna bila haraka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, na zamani hakuwa mtu wa kusumbua. Lakini tangu augue alikuwa amegundua kwamba kuitisha kitu ni rahisi kuliko kukifuata, na ugunduzi huo aliushika kwa ule mkono mzima.

Alipomaliza kula, Chesang aliketi mbele yake na karatasi zake magotini. "Mzee, chuo kina mtaala mpya. Unasema tuanze na kile mgonjwa anataka, si kile sisi tunataka. Sasa, wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hata kutembea mpaka kanisa?"

"Pasta huja hapa."

"Kwenda shamba kuona viazi?"

"Waru zinamea bila mimi. Nimeziangalia na dirisha."

"Choo je? Kwenda mwenyewe?"

Mwaura alimtazama bibi yake, aliyekuwa ameinama akiokota sahani. Akajibu kwa upole, kama mtu anayetaja benki yake. "Nina bibi."

Chesang alitafuna kalamu. Waliouandika mtaala mpya walikuwa wamefikiria mambo mengi, lakini hawakuwa wamefikiria mgonjwa aliyeridhika.

"Na wewe mathe? Unataka nini?"

Wanjugu alisimama na sahani mkononi. Alikuwa amezoea kuulizwa soksi ziko wapi, na leo tunakula nini. Hili lilikuwa swali geni, na alilizungusha kidogo mdomoni kabla ya kulijibu.

"Nataka kukaa chini," alisema. "Nikae, na mtu asiniite."

Msichana aliangalia karatasi, juu hadi chini. "Hapa hakuna mahali pa bibi."

"Najua," Wanjugu alisema. "Ndiyo maana nimesimama."

 

Siku nyingine walikuwa nyuma ya jikoni wanamenya viazi, na hapo ndipo Chesang alipomweleza ule ugomvi wa chuoni.

Walimu wawili walikuwa hawasalimiani. Mmoja ni Madam Jepleting, mama mnene wa kucheka, aliyeuandika huo mtaala mpya. Mwingine ni Mwalimu Muturi, aliyefundisha kwa ule wa zamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kwa mtaala wa zamani, wanafunzi walisoma kwa chumba chenye vitanda virefu, na mtihani ulikuwa wa kushikana wenyewe kwa wenyewe.

"Mgonjwa wangu alikuwa Travis wa darasa letu," Chesang alisema. "Alikuwa anapooza vizuri sana. Halafu kengele ya chai ikilia, anapona."

Wanjugu alicheka mpaka kiazi kikamtoka.

"Mwalimu Muturi anasema lazima mikono ya mwanafunzi ijue kazi kwanza. Ukikosea chuoni, mwalimu yuko, atakurekebisha. Ukikosea kwa boma ya mtu, umevunja mzee wa watu na hakuna wa kukuona."

"Si huyo anasema ukweli?"

"Anasema. Lakini Madam naye anasema tukifunzwa kushika pekee, tunatoka hapo hatujui kuachilia. Mgonjwa anashikwa vizuri mpaka siku ya kufa. Anataka tusomee kwa nyumba, na maksi zisiwe za mikono yetu. Ziwe za miguu ya mgonjwa. Amefanya nini kwake, na vitu vyake."

"Na mkubwa wao anasema nini?"

"Mkubwa alisema tujaribu kwa nyumba tatu." Chesang alipunguza sauti, ingawa aliyekuwa karibu ni kuku tu. "Ya kwanza, mgonjwa alihama akaenda kwa binti yake Nyahururu. Ya pili, mwenzangu alifukuzwa na mbwa, halafu na wenye mbwa. Imebaki hii. Madam na Mwalimu Muturi wanakuja pamoja kunipima. Mzee asipofanya kitu chochote, mtaala unarudi kwa chumba, na sisi pia."

"Na huku kwangu?"

Chesang alichukua kiazi kingine. Wanjugu alielewa vizuri sana. Wakirudi kwa chumba chao, Mwaura naye atarudi kwa mgongo wake yeye. Kumpeleka Nakuru kwa gari la kukodisha walishajaribu, na lile gari lilimeza bei ya ndama wawili kabla Mwaura hajainua hata mguu. Asubuhi atamwinua kitandani, mchana atamwinua kitini, jioni atamwinua tena, na mgongo wenyewe ulikuwa umeanza kumjibu vibaya.

"Sasa kazi yangu ni gani?" aliuliza.

"Kukaa, mathe. Akiitisha kitu anaweza kufikia, wewe ukae. Ukimsaidia unamharibu."

"Hiyo ndiyo dawa mmesomea miaka yote hiyo?"

"Ndiyo ngumu kuliko zote," Chesang alisema, na hakuwa anatania.

 

Ilikuwa ngumu kweli. Mwaura alipoitisha kikombe, mikono ya Wanjugu iliruka yenyewe kama kuku aliyetupiwa mahindi. Ilibidi aikalie. Alikaa juu ya mikono yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake, akimtazama mume wake akikivuta kikombe mezani kwa vidole viwili, chai ikimwagika kwa kitambaa alichofuma yeye mwenyewe kabla hajaolewa.

Ni katika hali hiyo ndipo wamama wa kanisa walipoingia.

Mbele alikuwa Waithera, mwenyekiti wao. Waithera aliwatembelea wagonjwa wote wa Dundori, na wengine walipona wakisikia tu anakuja. Alisimama mlangoni na mkate wake, akamwona mzee wa kanisa anahangaika na kikombe, na bibi yake ameketi, mikono chini ya matako.

"Mama Wangechi," alisema, "uko mgonjwa pia?"

"Niko sawa."

"Basi ni nini?"

"Ni fizio."

"Fizio," Waithera alirudia, kwa sauti ambayo mtu hutumia kutaja baa. Akapita, akachukua kile kikombe, akamnywesha Mwaura taratibu kama kifaranga, huku akimpangusa kidevu. Mwaura alifunga macho, akanyweshwa, na hakusema neno la kumtetea mtu.

Kisha wakaomba. Waithera ndiye aliyeongoza. Aliwaombea wagonjwa wote, halafu akaongeza, "Na Bwana, wako wale wanachoka kutunza. Wape roho ya huruma. Wakumbushe kiapo chao." Wamama wakasema amina, na kila mmoja akafungua jicho moja kumwangalia Wanjugu.

Jioni hiyo Wanjugu alimlisha Mwaura kwa kijiko. Asubuhi iliyofuata alimlisha tena. Chesang alipokuja na kuona, hakugomba, aliketi tu kando akakunja koti lake jeupe magotini, na hiyo ilimuuma Wanjugu kuliko kugombezwa.

"Wewe utarudi kwenu Kuresoi," Wanjugu alimwambia. "Mimi nitakutana na hao watu kisimani."

Haikupita wiki, mgongo ukamaliza ubishi. Alikuwa anamwinua Mwaura kutoka kitandani, kama kila siku, wakati kitu kilipokatika kiunoni kama uzi. Hakumwangusha. Waliteremka wote wawili polepole, wameshikana kama watu wanaocheza densi, mpaka sakafuni, na pale wakakaa.

Ng'ombe akalia zizini. Simu ilikuwa juu ya kabati.

"Sasa nani atatuinua?" Mwaura aliuliza.

"Ita bibi yako," Wanjugu alisema.

Walikaa hapo juu ya simiti baridi mpaka Nderitu wa kuchukua maziwa alipochungulia kuuliza kwa nini hakuna ndoo langoni. Aliwainua mmoja mmoja. Alikuwa mtu mwema, na kufikia saa sita Dundori nzima ilikuwa imepata habari.

 

Walimu walifika siku ya kupima, wamekaa kwa gari moja lakini kila mmoja akiangalia dirisha lake. Madam Jepleting aliingia akisalimia mpaka paka. Mwalimu Muturi alikuwa mwembamba, mwenye sweta safi, na aliinama kupita mlangoni ingawa mlango ulimtosha. Chesang alisimama ukutani, uso umemkauka.

Wanjugu alikuwa ameamka mapema, amejifunga leso kiunoni kushikilia mgongo. Chai ilikuwa tayari kwenye thamosi. Thamosi na vikombe vilikuwa juu ya meza ya ukutani, si mbali na kiti cha Mwaura, ambacho nacho kilikuwa kimesogezwa karibu na meza kidogo alfajiri, wakati mwenyewe anavalishwa.

"Mzee Mwaura," Chesang alianza, "tungependa utuonyeshe vile unaweza kusimama."

"Leo sijisikii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Labda wiki ijayo."

Mwalimu Muturi alimwangalia Madam Jepleting kwa mara ya kwanza tangu Nakuru. Madam aliangalia dari. Chesang alijaribu tena, akaongea juu ya goti, juu ya uzito, juu ya kuegemea mbele. Mwaura alimsikiliza kwa adabu zote, kama anavyosikilizwa mtu wa kuuza bima, na hakutikisika.

"Nafikiri tumeona," Mwalimu Muturi alisema, akifunga kalamu.

Wanjugu alikuwa amesimama karibu na jikoni. Alimwona yule msichana akishusha karatasi zake. Aliona pia, wazi kama anaonyeshwa, asubuhi zote zilizobaki maishani mwake na sakafu yao ya simiti. Kisha akavuka chumba, akapita thamosi, akapita vikombe, akaenda akaketi kwenye kiti kizuri, kile cha wageni, katikati ya walimu wawili. Akalaza mikono yake mapajani.

Hakuna aliyeelewa kitu, isipokuwa Mwaura, na yeye pia hakuelewa mara moja.

Madam Jepleting akaisifu hewa ya Dundori. Mwaura akakohoa.

"Mama Wangechi."

"Naam."

"Wageni."

"Nimewaona."

"Hawajapata chai."

"Ni kweli," Wanjugu alisema. "Hawajapata."

Akaendelea kukaa.

Sasa, nyumba ya Mwaura ilikuwa imeona njaa na ilikuwa imeona matanga, na mwaka mmoja iliezuliwa paa na upepo. Lakini tangu ijengwe, mgeni hakuwahi kutoka ndani yake mdomo mkavu. Mkopeshaji aliyekuja kuwadai alikunywa chai kwanza. Polisi aliyekuja kumshika kijana wa jirani, akakosea nyumba, alikunywa vikombe viwili akasahau alichofuata. Na sasa walimu wa chuo, kutoka mjini, walikuwa wanajiandaa kuondoka. Mwalimu Muturi tayari alikuwa amekusanya karatasi.

"Tusisumbue mzee," alisema. "Tutakunywa njiani."

Njiani! Neno hilo lilimwingia Mwaura kama mwiba. Uso wake ulibadilika rangi. Aliangalia thamosi, akamwangalia bibi yake, akaona kwamba huyu mwanamke hatainuka hata nyumba ishike moto. Akashika fimbo. Akaegemea mbele, vilevile Chesang alivyokuwa amesema kuhusu kuegemea mbele, na akasimama.

Alisimama vibaya. Mguu wa kushoto uliburuta sakafuni kama gunia. Alipepesuka, na watu watatu wakaanza kuinuka pamoja: Chesang ukutani, Madam kwenye kochi, na Mwalimu Muturi, ambaye mikono yake iliyofunzwa ilikuwa tayari imefunguka kudaka.

"Kaa chini, mwalimu," Wanjugu alisema.

Hakusema kwa nguvu. Yeye mwenyewe alikuwa amekalia mikono yake tena, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Moyo ulimwambia inuka, kiuno kikamwambia kaa, na akasikiliza kiuno. Mwalimu Muturi akaketi. Chesang hakuketi. Alisogea tu hatua moja, akasimama nyuma ya mzee, karibu kiasi cha kumfikia na mbali kiasi cha kutomgusa, na akabaki hapo.

Mwaura aliifikia meza. Aliegemeza kiuno kwenye ukingo wake, akaweka fimbo, akafungua thamosi kwa mkono mmoja na kidevu. Akamimina. Kikombe cha kwanza kilijaa mpaka kisahani. Cha pili kilipata nusu. Madam Jepleting alinyanyua mkono kukichukua.

"Bado," Mwaura alisema. "Tuombe."

Hapo Wanjugu alifumba macho kwa hofu ya kweli, kwa sababu alimjua. Mwaura alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kuomba maombi mafupi akiwa mzima. Alishukuru kwa chai. Akashukuru kwa majani chai, na kwa waliochuma. Akaombea ng'ombe, mvua, waru za Dundori na waru za Kuresoi, serikali ya kaunti na hata ile ya juu. Akaombea vijana. Akaombea chuo, "hasa wale wanaogombana ndani yake." Goti lake lilikuwa linatetemeka kama sufuria juu ya moto, na maombi yakaendelea. Wanjugu alifungua jicho moja. Mwalimu Muturi alikuwa amefungua yote mawili, anaangalia goti, na midomo yake ilikuwa inamhimiza yule mzee amina, amina, kimyakimya.

"Amina," Mwaura alisema hatimaye.

Sijui kama kuna amina iliyowahi kuitikiwa kwa nguvu vile Dundori.

 

Kule nje, kando ya gari, walimu walikuwa wanabishana, na Wanjugu alikuwa anakata majani ya ng'ombe mahali ambapo kwa kawaida hakati.

"Hakumgusa!" Mwalimu Muturi alisema. "Mgonjwa amesimama, ametembea, ameomba mpaka nikazeeka, na mwanafunzi hakumgusa hata mara moja. Nitampa maksi ya nini?"

"Ya hiyo," Madam alisema.

"Aliyemwinua ni bibi yake, kwa kukaa."

"Na nani alimfundisha bibi kukaa?"

Mwalimu Muturi alichezea funguo. "Na kama angeanguka?"

"Uliona Chesang alikuwa wapi?"

"Niliona. Alisimama mahali panafaa kabisa. Pale nilimfundisha mimi, kwa kile chumba unataka kufunga." Sauti yake haikuwa ya ushindi. "Jepleting, sikatai hizi nyumba. Nakataa kumtuma mtoto kwa nyumba ya watu kuachilia mtu kabla hajajua kumdaka. Wajue kudaka kwanza. Halafu waje huku wajifunze kuachilia, na hiyo pia tuwapime."

Madam Jepleting akamgeukia. "Hicho ndicho ungesema kwa mkutano, badala ya kutoka ukigonga mlango."

"Hukuniuliza. Uliuliza wagonjwa wote, mimi hukuniuliza."

Wanjugu aliona yule mama wa kucheka amekosa la kucheka. "Sasa nakuuliza," Madam alisema. Wakaingia kwenye gari. Lilipogeuka, walikuwa bado wanabishana, lakini sasa walikuwa wanaangaliana.

Chesang alipita, si kwa maksi za kujivunia. Mwalimu Muturi alimkata kidogo kwa kutomkagua mzee viatu.

 

Basi mtu angedhani mambo yaliisha hapo. Kesho yake, Mwaura alikuwa kitini, miguu imenyooshwa.

"Mama Wangechi! Maji!"

"Yako mezani."

"Naona. Lete."

"Jana si ulisimama?"

"Jana kulikuwa na wageni," Mwaura alisema, akishangaa kwamba jambo la wazi hivyo lazima lielezwe.

Wanjugu alisimama mlangoni, mkono kiunoni. Kisha akatoka mpaka kwenye ua, akamwita mtoto wa jirani, akamtuma kwa Waithera. Ujumbe ulikuwa mfupi: mzee wa kanisa anawaalika wamama kwa chai, na kwa kuwa wao ni wengi na viti ni vichache, waje kwa zamu, leo mmoja, kesho mwingine, mpaka watakapochoka.

Waithera ndiye alifika wa kwanza. Alikuta Wanjugu ameketi kwenye kiti kizuri, miguu juu ya kigoda, na hakuna mtu anamwita. Alikuta Mwaura amesimama mezani, ameegemea ukingo, anamimina. Waithera aliangalia huyu, akaangalia yule. Alikuwa na neno, lakini akiwa mgeni hakujua aanzie wapi. Maombi ya chai yalimkuta bado anatafuta, na yalipoisha chai ilikuwa imepoa. Akaonja.

"Mzee," alisema, "hii haina sukari."

Mwaura alikuwa anajishusha kitini polepole, goti moja baada ya lingine. Alifika, akavuta pumzi, akaweka fimbo kando.

"Sukari iko hapo kwa kabati, mwenyekiti," alisema. "Inuka uchukue. Hapa hatusaidii mtu, tunaambiwa tunamharibu."